Kamshafti ya pikipiki: ipi inafaa kwa mzigo na safari ndefu za Dodoma?

Wasikilizaji wetu wenye pikipiki hutuuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Wa Mvumi anasema chombo kinakataa mchanga wa korongoni. Wa Mpwapwa anasema akipakia abiria na gunia, kwenye mlima wa kwenda Kibakwe lazima abiria ashuke. Wa Chimwaga, anayepeleka wanafunzi chuoni asubuhi na mchana kukodiwa hadi Kongwa au Kondoa, anataka injini isiyochoka njiani. Kisha wote wanamalizia vilevile: fundi amesema niweke kamshafti kali, je, niweke?

Jibu letu kwa kazi nyingi za huku ni hapana. Lakini ukiambiwa hapana bila kuelezwa sababu, utakwenda kwa fundi mwingine atakayekuambia ndiyo, kwa hiyo tueleze.

Kazi ya kamshafti

Ndani ya injini ya pikipiki ya kawaida kuna valvu mbili. Moja inafunguka kuingiza hewa yenye petroli, nyingine inafunguka kutoa moshi. Kinachozifungua ni kamshafti, yaani chuma cha mviringo chenye nundu. Nundu ikizunguka inasukuma roka, roka inaisukuma valvu, na nundu ikishapita springi inaifunga valvu. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde moja.

Kwenye Boxer na TVS HLX, kamshafti iko juu kwenye silinda hedi na inazungushwa na cheni ya taimingi. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata umbo la Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, kamshafti iko chini, inazungushwa na gia, na fimbo mbili ndefu hupeleka msukumo juu. Honda waliitengeneza hivyo makusudi kwa nchi ambazo matengenezo ni ya shida. Kamshafti yake ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili, kwa hiyo ukibadilisha umbo la nundu hiyo umebadilisha uingizaji na utoaji kwa pamoja. Fundi anayekuambia atagusa upande mmoja tu kwenye injini ya aina hiyo, mwombe akuonyeshe hiyo nundu ya pili.

“Kali” ni nini hasa

Umbo la nundu linaamua mambo matatu: valvu inanyanyuka kiasi gani, inakaa wazi kwa muda gani, na kwa muda gani valvu zote mbili zinakuwa wazi kwa pamoja. Kamshafti inayoitwa kali, au ya mashindano, huongeza yote matatu.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Valvu ya kuingizia haifungwi pale pistoni inapofika chini. Inachelewa kidogo, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, hewa inaingia kwa kasi na inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikipanda, hivyo kuchelewa kufunga kunajaza silinda vizuri zaidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko michache, hewa haina kasi hiyo. Pistoni ikipanda inairudisha ilikotoka, mgandamizo unapungua, na nguvu inapungua. Kamshafti kali inachelewesha kufunga zaidi. Kwa hiyo inakupa nguvu huku juu, na inakunyang'anya huku chini.

Sasa jiulize injini yako inafanya kazi wapi. Kwa maelezo ya kiwanda, Boxer BM 150 inatoa mvuto wake mkubwa kabisa kwenye mizunguko kama 5,000, na nguvu yake ya juu kabisa kwenye 7,500. Ukiwa na abiria na gunia kwenye mchanga, gia ya pili, uko chini ya hapo, mara nyingi kati ya 3,000 na 5,000. Hapo ndipo kamshafti kali inapokunyima. Utalazimika kuipigisha injini kelele muda wote ili ipande mlima uleule, na injini hizi hupozwa kwa upepo tu. Kwenye mchanga unatembea polepole, upepo hakuna, na jua la Oktoba la Dodoma mnalijua.

Kuna gharama nyingine ambayo haisemwi dukani. Valvu mbili zikikaa wazi pamoja kwa muda mrefu, kwenye mizunguko michache moshi unarudi kuchanganyika na hewa mpya na sehemu ya petroli inatoka bila kuungua. Injini inakaa vibaya kwenye sailensa na inakula mafuta. Springi za kawaida zinaweza zisimudu nundu ndefu kwenye mizunguko mingi, valvu ikachelewa kurudi ikakutana na pistoni. Ili kurudisha mgandamizo uliopotea, utashauriwa uweke pistoni ya mgandamizo mkubwa. Pistoni hiyo inataka petroli safi na nzuri, la sivyo injini inagonga. Ukijaza kwenye kituo cha mjini huenda ikakubali. Ukijaza kwa chupa kijijini, petroli ambayo hujui imechanganywa na nini, unaweza kutoboa pistoni.

Wenye pikipiki kubwa za safari

Huko Marekani wapo watu wanaobadilisha kamshafti za pikipiki za safari kila siku, na ni biashara kubwa. Injini ya Harley-Davidson iliyoanza na modeli za mwaka 2017, iitwayo Milwaukee-Eight, ilianza na ukubwa wa inchi za ujazo 107, yaani zaidi ya cc 1,700. Ni zaidi ya mara kumi ya Boxer. Ina kamshafti moja tu, na maduka yanauza za aina nyingi za kuweka badala yake.

Tumewataja kwa sababu ya namna wanavyochagua. Msafiri anayebeba mke na mizigo mwendo wa kilomita mia kadhaa kwa siku huambiwa achukue kamshafti ya mvuto, inayofunga valvu ya kuingizia mapema na kutoa nguvu mizunguko ikiwa michache. Ile ya nguvu za juu huachiwa anayekimbia peke yake. Yaani hata penye injini kubwa namna ile na mafuta mazuri, mwenye mzigo haendi kwenye kamshafti kali. Kamshafti ya mvuto ndiyo inayokufaa na wewe, na habari njema ni kwamba unayo tayari. Viwanda vinavyotengeneza pikipiki za kazi huweka kamshafti ya namna hiyo tangu mwanzo, maana vinajua chombo kinakwenda kubebeshwa.

Kwa nini basi haina nguvu?

Sababu ya kwanza ni mahali tulipo. Dodoma mjini ni kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kondoa iko juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Hilo hakuna fundi atakayeliondoa. Lakini pikipiki ya kabureta iliyotoka Pwani ikija huku inapokea petroli nyingi kuliko hewa. Fungua plagi uitazame: ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, na chujio la hewa ni safi, mwambie fundi ajaribu jeti kuu ya namba moja chini. Ni kazi ya muda mfupi na huleta tofauti inayosikika. Ila plagi ikiwa nyeupe, usithubutu kupunguza jeti, kwa sababu injini tayari ina petroli kidogo na inachemka.

Sababu ya pili ni vumbi. Chujio lililojaa vumbi linaziba pumzi. Lililochanika ni baya zaidi, kwa kuwa linapitisha mchanga unaosaga ringi na silinda. Ukiona mtu ameondoa chujio ili pikipiki “ipumue”, ujue muda si mrefu atahitaji bloku.

Sababu ya tatu ni tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, kwa vibati maalumu, injini ikiwa baridi. Ikibana sana valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja na valvu inaungua. Ikilegea, valvu inafunguka kwa kimo pungufu, na hapo ni kama umewekewa kamshafti ndogo bila kujua. Vipimo hutofautiana kwa kila modeli na vimo kwenye kitabu cha pikipiki. Fundi anayepima kwa kutikisa roka na kidole anakisia.

Kisha angalia klachi kama inateleza, breki ya nyuma kama inashika muda wote, cheni kama imekauka. Tumeshasikia za walioagiza kamshafti kumbe breki ndiyo iliyokuwa inawazuia.

Ukimaliza yote hayo na bado mlima unakushinda, badilisha sproketi ya mbele. Ukitoka meno 14 kwenda 13, mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 7. Unalipia kwa mwendo: pale ulipokuwa unakwenda 60, kwa mizunguko ileile sasa utakwenda kama 56. Kwa mtu wa Kibakwe ni biashara nzuri. Kwa mtu anayekwenda lami ya Morogoro kila siku si nzuri, maana injini itazunguka zaidi na kula mafuta zaidi kwa kila kilomita.

Kamshafti ikiwa imekwisha kweli

Kamshafti huchakaa. Iliyo juu kwenye hedi ndiyo sehemu inayofikiwa na oili mwishoni, na ndiyo ya kwanza kuumia oili ikipungua au ikizeeka. Dalili ni mlio wa tak-tak unaobaki hata tapeti zikishafungwa sawasawa, na mvuto unaopungua kidogo kidogo. Fungua kifuniko uitazame nundu. Ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, vishimo, au ncha iliyolala, imekwisha. Kama fundi ana kipimo cha vernia, apime kimo cha nundu alinganishe na kitabu.

Hapo nunua kamshafti ya kawaida ya modeli yako, na nunua roka zake pamoja. Roka iliyoliwa itaila kamshafti mpya kama ilivyoila ya zamani. Peleka ya zamani dukani, uzisimamishe pamoja na kulinganisha urefu wa nundu, meno na beringi. Feki nyingi huonekana kwa macho: chuma kimesagwa vibaya, nundu mbili zina sura tofauti na za asili, boksi limeandikwa kwa herufi zilizokosewa. Feki ambayo sura yake ni sawa ila chuma ni laini huwezi kuitambua kwa macho, na ndiyo maana inafaa kununua kwa muuzaji atakayekupa risiti na ambaye utamkuta mwezi ujao.

Kama pikipiki ni ya mkataba, usiguse injini kabla mwenye nayo hajakubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Ukiweka kifaa kisicho cha kawaida na injini ikafa kabla hujamaliza hesabu, deni linabaki kwako, na dhamana ya kiwanda kama ilikuwepo huenda isitambuliwe.

Siku ya kufunga, kaa hapo utazame. Alama ya T kwenye magneto lazima ikae sawa na alama ya kwenye injini, na alama ya sproketi ya kamshafti ikae sawa na ya kwenye hedi, pistoni ikiwa juu. Nundu zipakwe oili kabla ya kufunika. Kisha, kabla ya kupiga kiki, fundi aizungushe krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote asilazimishe: taimingi imeruka jino au valvu inagusa pistoni, na kiki moja itaipinda. Ikizunguka vizuri, tapeti zipimwe upya, oili mpya iwekwe, na kwa siku chache za kwanza usibebe mzigo mzito wala kuiachia kwa muda mrefu kwenye sailensa. Oili hiyo ya kwanza imwage mapema kuliko kawaida, na uichungulie kwenye mwanga. Chembe chache zinazometa ni za kawaida. Zikiwa nyingi, rudi kwa fundi siku hiyohiyo.