Daktari Amebadilisha Dawa Tena? Kuna Swali Moja la Kumuuliza

Wasee, kuna malalamiko fulani ambayo lazima umeyasikia kwenu. "Huyu daktari hajui anachofanya. Mwezi wa kwanza aliniambia nimeze hii. Mwezi wa tatu akasema nipunguze. Sasa ananiandikia ingine kabisa. Kwani mimi ni panya wa maabara?"

Mara nyingi anayelalamika hivyo ana ugonjwa wa viungo. Na kabla hujasema hiyo ni stori ya shosho na magoti yake, tulia kidogo. Magoti ya shosho mara nyingi yamesagika tu kwa miaka mingi ya kazi. Lakini kuna aina ingine, rumatoidi athraitisi, ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyako mwenyewe. Hiyo haingoji uzeeke. Inaweza kukupata ukiwa na miaka 20, na hata watoto wana aina yao. Binamu yangu aliipata akiwa na miaka 24. Ndani ya mwaka mmoja spesholisti wake alikuwa amembadilishia dawa mara tatu, na hakuna siku aliyoelezwa kwa nini. Akaanza kuziruka. Vidole vikavimba tena hadi kushika simu ikawa shida.

Kwa hivyo leo nataka tupitie historia. Ukiijua, utaona kwamba kubadilika kwa ushauri wa baridi yabisi si jambo la huyo daktari wako peke yake. Kumekuwepo zaidi ya miaka 200. Pia utaona ni wakati gani una haki ya kushtuka.

Tuanze na gome la mti. Mwaka 1763 kasisi mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London kwamba amewapa watu kama 50 wenye homa unga wa gome la willow, mti unaopenda kumea kando ya mito, na umewasaidia. Mwaka 1876 daktari wa Scotland, Thomas MacLagan, akaripoti kwamba salisini, kemikali ya gome hilo hilo, inatuliza homa inayokuja na maumivu makali ya viungo. Tatizo ni kwamba dawa za familia hiyo zilikuwa chungu na zilichoma tumbo. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer kule Ujerumani, akatengeneza aina iliyovumilika zaidi, na kufikia 1899 ilikuwa sokoni kwa jina la Aspirin.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, aspirini ndiyo ilikuwa ushauri wenyewe. Na si vidonge viwili vya kichwa kuuma. Daktari alikuwa anaongeza kipimo hadi masikio yako yaanze kulia ngiii, kisha anarudisha chini kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa dozi yako. Manze, fikiria kupimiwa dawa na kelele za masikio.

Kisha ikaja dhahabu. Ndio, dhahabu ya ukweli, kwa sindano. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa ameonyesha mwaka 1890 kwamba chumvi ya dhahabu inazuia kijidudu hicho kukua ndani ya maabara. Daktari Mfaransa Jacques Forestier akawaza kwamba baridi yabisi inafanana na kifua kikuu, kwa hivyo akaijaribu kwa wagonjwa wake, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Wazo lake halikuwa sawa, kwa sababu rumatoidi si kifua kikuu. Lakini wagonjwa wengi walipata nafuu, na jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 1960 likathibitisha kwamba dhahabu inasaidia kweli. Wakati huo huo wengine ngozi iliwatoka vipele, wengine figo zikaumia. Sasa hebu jiweke kwa viatu vya mgonjwa wa enzi hiyo: sababu uliyopewa ni ya uongo bila mtu kujua, dawa inafanya kazi, na inaweza kukudhuru. Yote matatu kwa pamoja.

Halafu ikaja ile siku ambayo dunia ilidhani stori imeisha. Tarehe 21 Septemba 1948, katika Mayo Clinic, mji wa Rochester, Marekani, mama wa miaka 29 ambaye ugonjwa ulikuwa umemfunga alidungwa kitu kilichoitwa Kompaundi E. Daktari wake alikuwa Philip Hench, na mkemia aliyekuwa ameichambua kutoka kwa tezi zinazokaa juu ya figo alikuwa Edward Kendall. Ndani ya siku chache tu yule mama alikuwa anatembea. Dawa hiyo tunaijua leo kama kotizoni. Mwaka 1950, miaka miwili tu baadaye, Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini wagonjwa walipoendelea kuitumia, mambo mengine yakatokea. Uso ulivimba ukawa mviringo. Sukari ilipanda. Mifupa ikawa dhaifu. Na ukiiacha ghafla, ugonjwa ulirudi kwa fujo. Mwaka 1954 Waingereza walichapisha jaribio lililolinganisha kotizoni na aspirini kwa wagonjwa wapya, na baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa ndogo sana. Dawa iliyopewa Nobel, na ile ya zamani ya gome la mti, karibu sare!

Kwa hivyo ukipewa prednisoloni leo, ndugu wa kotizoni, kisha daktari aanze kuipunguza wakati ndio umeanza kujisikia fiti, si ati anakuonea. Wagonjwa wa miaka ya hamsini ndio walilipa bei ya somo hilo kwa mifupa yao.

Inayofuata ndiyo inaniuma zaidi. Mwaka 1951 daktari Richard Gubner wa Marekani aliripoti kwamba aminopterini, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa saratani ya damu, inawasaidia wenye rumatoidi. Watu wachache sana walisikiliza. Kila mtu alikuwa ameduwaa na kotizoni. Ndugu wa dawa hiyo, methotreksati, ilikaa zaidi ya miaka 30 kabla ya majaribio mazuri ya miaka ya themanini, na ni mwaka 1988 ndipo Marekani iliiidhinisha kwa rumatoidi. Leo ndiyo dawa ya kwanza ambayo maspesholisti wengi duniani huanza nayo. Hesabu mwenyewe, kutoka 1951 hadi 1988, ni viungo vya watu wangapi vilipinda wakingoja.

Na hata dawa nzuri zilipokuwepo, ushauri ulikuwa "anza polepole." Madaktari waliuita piramidi: chini kabisa mapumziko na aspirini, na zile kali ukae ukizingoja hadi ugonjwa uchachamae. Mwaka 1989 Kenneth Wilske na Louis Healey, madaktari wawili Wamarekani, waliandika kwamba piramidi hiyo inafaa kujengwa upya, kwa sababu kiungo kikishaharibika hakirudi. Leo ushauri ni kinyume: gonga mapema, gonga vizuri. Hata kulala kitandani, ambako zamani kulikuwa sehemu ya tiba, siku hizi daktari anakwambia ufanye mazoezi.

Sasa, nisiwachoree picha ya kwamba kila badiliko ni la heri. Mwaka 1999 kampuni ya Merck ilileta Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyosifiwa kwamba haisumbui tumbo. Mwaka 2000 utafiti ulionyesha waliotumia Vioxx walipata mshtuko wa moyo zaidi ya waliotumia dawa ya kulinganishwa. Watu walibishana kuhusu maana yake, na dawa ikaendelea kuuzwa. Ni tarehe 30 Septemba 2004 ndipo ilitolewa sokoni, baada ya jaribio lingine kuonyesha hatari ya moyo na kiharusi. Kwa hivyo mtu akikwambia "amini tu daktari, usiulize," mkumbushe miaka hiyo minne.

Sisi hapa Kenya pia tunalijua hili, ila kwa ugonjwa mwingine. Uliza mathe kuhusu klorokwini, ile dawa ya malaria iliyowasha mwili usiku kucha. Mwaka 1998 serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Baadaye hata iliyochukua nafasi yake ikabadilishwa. Hakuna aliyesema madaktari wote ni wajinga. Kijidudu kilibadilika, ushauri ukafuata. Na cha kushangaza, haidroksiklorokwini, ndugu wa hiyo klorokwini, ni mojawapo ya dawa ambazo spesholisti anaweza kukuandikia kwa viungo. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watu waliikimbilia kote duniani, na wenye rumatoidi na lupasi wakakosa dawa yao kwa sababu ya uvumi.

Basi historia yote hii inakusaidiaje ukiwa umekaa kliniki na karatasi mpya mkononi? Nimeona inabaki kwa swali moja: "Daktari, ni nini kimebadilika?"

Majibu huwa ya aina tatu. La kwanza, sayansi imebadilika, kama piramidi ilivyojengwa upya. La pili, mwili wako umebadilika: vipimo vya damu vinaonyesha ini linalalamika, au unapanga kupata mtoto, na methotreksati haifai kabisa kwa mimba. La tatu, mfuko umebadilika: dawa imeisha kwa stoo, bima haiilipi, au ni ghali. Yote yanaweza kuwa sababu halali, lakini si kitu kimoja. Ikiwa ni pesa, una haki ya kujua ni pesa, ili ujue kama kuna njia nyingine. Na daktari akikosa jibu lolote kati ya hayo matatu, hapo ndipo utafute spesholisti mwingine akuangalie.

Huku ukisubiri jibu, usijitoe kwa dawa mwenyewe. Prednisoloni ikikatwa ghafla baada ya kuitumia kwa muda inaweza kukuangusha vibaya, kwa sababu tezi zako zimezoea kupumzika na haziamki siku moja. Na methotreksati ya viungo humezwa mara moja kwa wiki. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi. Kama haijaandikwa wazi siku gani, rudi dirishani uulize, hata kama foleni nyuma yako inapiga kelele.

Andika tarehe kila dawa inapobadilishwa, na sababu uliyopewa. Simu yako ina nafasi ya memes elfu moja, haiwezi kukosa ya hiyo. Ukienda kwa daktari mwingine, hiyo orodha itamwambia mengi kuliko "nilipewa kidonge fulani cha manjano." Na kama kwa orodha kuna badiliko ambalo halina sababu kando yake, unajua cha kuuliza kliniki ijayo.