Land Cruiser Iliyoungua

Kila aliyekaa Nyarugusu anaijua Land Cruiser nyeupe. Hata mtoto wa miaka mitatu anatambua mlio wake kabla haijakata kona. Inaleta mgonjwa, inaleta orodha ya majina, inaleta na habari ambazo wakati mwingine hatuzitaki. Lakini wachache wamewahi kuona kilichomo chini ya boneti yake. Mimi niliiona ikiwa imeungua, mwaka 2003, nikiwa kijana wa kupokeza spana kwenye gereji ya shirika moja. Tangu siku ile nikaanza kuulizia historia ya gari hili.

Moto ulianza njiani, gari likitoka Kasulu. Dereva aliona moshi kwenye boneti, akasimama, akazima injini, akashusha watu wote, akamwaga kizimamoto cha unga mpaka kikaisha. Hakuna aliyeumia. Jioni gari likavutwa hadi gerejini. Asubuhi yake maneno yalikuwa yameshafika ofisini: dereva mzembe, hakukagua gari. Alikuwa Muha wa hapohapo Kasulu, mtu wa makamo, baba wa watoto wanne. Alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Mafundi, mkiandika uzembe, mimi nimekwisha."

Mimi nilikuwa nimeshashika ndoo ya maji na sabuni, nianze kusafisha. Mzee wetu wa gereji, mtu wa Uvira aliyevuka ziwa mwaka 1996 kama sisi wengi, akanizuia.

"Mutoto, usioshe kwanza. Iyi gari njo itatuambia kwenye moto ulitokea."

Ili uelewe gari lilituambia nini, lazima kwanza ujue lilikotoka.

Land Cruiser ni mtoto wa vita. Mwaka 1950 vita vya Korea vilipoanza, Wamarekani walikuwa na jeshi lao Japani na magari ya kazi yalihitajika kwa haraka. Mwaka 1951 Toyota ikatengeneza gari la majaribio lililoitwa Toyota Jeep BJ. Mwaka huohuo dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita. Lakini jina la Jeep lilikuwa mali ya kampuni ya Marekani, Willys, kwa hiyo mwaka 1954 gari likapewa jina la Land Cruiser. Waingereza walikuwa wameshaonyesha Land Rover yao tangu 1948. Basi ndiyo hivyo: sisi tuliokimbia vita tumebebwa miaka yote hii na gari lililozaliwa kwa sababu ya vita vingine.

Ile tunayoiona sana kambini ni ya jamii ya 70, iliyoanza kutoka mwaka 1984. Injini yake iliyozoeleka, 1HZ, ilikuja mwaka 1990: dizeli, silinda sita, lita 4.2. Hapa naomba wasomaji wasio mafundi wanivumilie kidogo. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, dizeli inarushwa ndani, inawaka yenyewe. Pampu ya 1HZ nayo inaendeshwa na injini, haingoji amri ya kompyuta. Ikishaanza kunguruma, umeme inaouhitaji ni wa waya mmoja tu, ule unaofungua njia ya dizeli kwenye pampu. Ndiyo maana gari hili hata likiungua waya zote linaweza kurudi kazini, wakati gari la kisasa lenye kompyuta likiungua hivyo huwa mara nyingi ni la kuuza vipuri.

Sasa turudi gerejini. Mzee alichomoa betri kwanza. Kisha akawa anaangalia tu, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Alitufundisha hivi: plastiki inayeyuka mapema sana, kwa hiyo haikuambii kitu kikubwa. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Shaba inangoja mpaka nyuzi 1,085. Tukaangalia pampu ya dizeli, ganda lake la aluminiamu lilikuwa jeusi kwa masizi lakini zima. Mipira ya dizeli iliungua kwa nje tu. Basi moto haukuanzia kwenye dizeli.

Halafu, karibu na ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, akaonyesha kwa bisibisi. Waya mnene ulipita kwenye tundu lililotobolewa kwa drili, bila raba ya kuuzuia usisuguane na bati. Ncha yake ilikuwa na kitone cha shaba, cha mviringo, laini kama shanga. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha aluminiamu ambacho hakijayeyuka.

"Aluminiamu imebaki, shaba imeyeyuka," alisema. "Moto wa nje ungeanza na nani?"

Sote tukanyamaza. Joto lile lilitoka ndani ya waya wenyewe. Ilikuwa shoti.

Tukaufuata waya ule. Upande mmoja uliishia kwenye redio ya mawasiliano, upande wa pili moja kwa moja kwenye betri. Fyuzi? Hakuna. Kila safari ya barabara ile ya mashimo, bati lilikuwa linakata ganda la waya kidogo kidogo, mpaka shaba ikagusa bodi. Dereva angekagua mafuta, maji na matairi kila asubuhi, asingeuona ule waya. Redio ilifungwa na nani? Lini? Hakuna karatasi iliyoonyesha.

Mzee akaandika ripoti kwa mkono, ukurasa mmoja, na ule waya akaufunga kwenye bahasha. Dereva akarudishwa kazini baada ya wiki mbili.

Kutengeneza kulichukua muda mrefu zaidi ya kusoma. Sasa ndipo tuliruhusiwa kuosha, na tuliosha sana, maana unga wa kizimamoto ukipata unyevu unakula chuma na viungio vya waya. Mipira yote ikatolewa: ya maji, ya dizeli, ya breki. Tukabadilisha masta silinda ya breki na ya klachi, maana raba za ndani zikipata joto haziaminiki tena hata kama nje panang'aa. Mkanda wa taimingi nao pia. Fungu la waya tulilisuka upya, waya kwa waya. Vipuri vilikuwa vinasubiri mtu mwenye kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo kulikuwa na siku za kukaa tu na kuzungumza.

Siku hizo ndipo mzee alipotusimulia habari za Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika ambayo watu wa Kigoma wote wanaijua. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nyingi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Mwaka 2015, mzee akiwa ameshafariki, meli ileile iliwabeba ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, na wengi wao wakaletwa hapa Nyarugusu.

Na Land Cruiser yetu? Siku ya kuiwasha, moshi mweusi ulitoka, ikakohoa mara mbili, ikakaa sawa. Dereva alipanda bila kusema neno.

Lakini kabla hajaondoka, mzee alimpa daftari la shule, la kurasa 48, likae ndani ya gari. Akamwambia kila kitakachoongezwa kwenye gari hili, hata taa moja, kiandikwe: tarehe, aliyefunga, waya umepita wapi, fyuzi iko wapi. Gari lisilo na maandishi, alisema, likiungua kosa linaangukia yule aliyeshika usukani siku hiyo.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, fungueni boneti mkaangalie. Kisha ulizeni daftari liko wapi.