Eutanasia: Tusiiite Kifo cha Huruma

Familia inayomuuguza mgonjwa wa saratani ya umio hapa Isiolo hufika mahali ikaomba, "Mungu amchukue, apumzike." Hiyo ni dua, wala hakuna wa kuilaumu. Eutanasia ni jambo jingine: ni mtu, aghalabu daktari, kumuua mgonjwa makusudi ili mateso yake yakome. Kwa Kigiriki, neno lilikotoka, maana yake ni kifo chema. Kwetu limezoeleka kama "kifo cha huruma".

Tafsiri hiyo inahukumu kabla mjadala haujaanza, kwani anayekataa huonekana hana huruma. Tena inachanganya mambo. Kuacha tiba isiyomfaa tena mgonjwa, ugonjwa ukafuata mkondo wake, si eutanasia. Kumpa mofini ya kutuliza maumivu kwa kipimo sahihi si eutanasia pia, ingawa wapo ndugu wanaoikataa wakidhani ndiyo dawa ya kumuaga mgonjwa. Hofu hiyo humwacha mtu akilia usiku kucha bure, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Uholanzi iliruhusu eutanasia kwa masharti mwaka 2002. Kenya hairuhusu. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhai, na kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeharakisha kifo cha mgonjwa, hata wa ugonjwa ambao ungemuua, amesababisha kifo hicho. Mgonjwa mwenyewe akiomba, sheria haibadiliki.

Wapo wagonjwa wachache ambao maumivu yao hayatulii kwa dawa yoyote, na ndugu zao wana haki ya kuuliza maswali mazito. Ndiyo maana nataka jina lisilowajibia: tuseme eutanasia, au tuseme waziwazi kumuua mgonjwa ili kumwondolea mateso.

Huruma tuipe tiba shufaa, istilahi iliyokwisha kuzoeleka Tanzania kwa huduma ya kutuliza maumivu na kuituliza familia. Waislamu wa Isiolo wataisikia shufaa kama maombezi ya Siku ya Kiyama, basi waelezwe. Nairobi Hospice imetoa huduma hii tangu 1990, na Meru, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka hapa, ina hospisi yake.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, usingoje azidiwe. Muulize daktari leo: maumivu haya yana dawa gani, na tiba shufaa tutaipata wapi?