Mbuta alibebwa, ningu akategwa

Jioni nikitoka tao nashuka Kangemi, na mama samaki ashaanza kukaanga. Siku mfuko umekauka nanunua mgongo wazi: kichwa na mifupa ya mbuta. Minofu ilibaki kiwandani, ikaenda ng'ambo. Niliacha chuo, lakini historia ya hiyo sahani nimeisoma mwenyewe, na inaniuma.

Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Kwao ni Ziwa Albert, Turkana na Naili ya chini. Kilichomzuia kupanda ni maporomoko ya Murchison kule Uganda, mahali mto mzima unajibana kwenye mwanya wa kama mita 7, kisha unaanguka mita 43. Ng'ambo, samoni akishindwa kuruka maporomoko watu humjengea ngazi ya maji, apande akatage. Mbuta hakujengewa ngazi, alibebwa. Miaka ya 1950 maafisa wa serikali ya kikoloni Uganda walimtia Ziwa Kyoga, juu ya maporomoko. Kufikia 1960 ashaonekana Victoria. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ziwa limejaa fulu, samaki wadogo wa mifupa mingi wasio na bei. Wacha mkubwa awale, sisi tumvue yeye.

Mwaka huohuo wa 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kuonya. Wapi! 1962 na 1963 wakaongeza wengine, hadi Kisumu. Miaka ya 1980 mbuta akajaa ziwa, na inakadiriwa aina kama 200 za fulu zilitoweka.

Sasa sikiliza hii. Tulikuwa na samaki wetu wa kupanda mito: ningu. Mvua ikinyesha alitoka ziwani, akapanda Nzoia na Nyando kutaga. Huyo hakuhitaji kubebwa. Alihitaji tu njia. Badala yake alikuta nyavu zimetegwa kwenye midomo ya mito, akavuliwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa adimu.

Najua mbuta amelipa karo za wengi, Kisumu hadi Mwanza. Sikatai. Lakini aliyesaidiwa kupanda ni yule wa kuuzwa, na mwenye safari yake akafungiwa mlango. Halafu sisi tukaachiwa mgongo.

Kama kwenu ni Siaya, Busia ama Ahero, muulize nyanya yako kama anakumbuka ningu. Akikujibu, niandikie hapa.