Kamera ya kwanza ya mwenye mfuko mwembamba

Msafiri anayetoka Buffalo, kwenye pembe ya magharibi ya jimbo la New York nchini Marekani, akielekea mashariki kwa gari kwa muda usiozidi saa moja na nusu, hufika katika mji wa Rochester. Ni katika mji huo ambapo mwaka 1877 karani mmoja wa benki alinunua kamera yake ya kwanza. Jina lake lilikuwa George Eastman, umri wake miaka 23. Katika daftari lake la matumizi aliandika gharama yote: dola 49 na senti 58.

Eastman hakuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa na umri wa miaka saba, na kabla hajawa kijana kamili aliacha shule na kuajiriwa katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki. Kwa mshahara huo wa mwanzo, kamera ile ingemgharimu jasho la wiki zaidi ya 16, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba.

Alikusudia kusafiri hadi Santo Domingo, katika visiwa vya Karibi, na mwenzake kazini akamshauri achukue kamera ili aweke kumbukumbu ya safari. Safari yenyewe haikufanyika kamwe. Kamera ikabaki, na pamoja nayo mzigo wa kumchosha punda: kigoda cha miguu mitatu, vioo, chupa za dawa na hema la giza. Wakati huo mpiga picha alilazimika kukipaka kioo dawa, kukitia ndani ya kamera kikiwa kingali kibichi, kupiga picha, kisha kuisafisha papo hapo kabla dawa haijakauka. Eastman alimlipa mpiga picha mmoja wa mji huo dola 5 ili amfundishe kazi hiyo.

Hivyo mapema kabisa aligundua jambo ambalo kila mnunuzi wa kamera ya kwanza hulipata baadaye, mara nyingi kwa uchungu: kamera ni sehemu tu ya gharama. Dawa, vioo, masomo na muda wa kukosea, vyote vinadai fedha. Tajiri hapati hasara akisahau hilo. Maskini akilisahau hubaki na kamera nzuri kabatini.

Usiku, baada ya saa za benki, Eastman alifanya majaribio ya dawa jikoni kwa mama yake. Mwaka 1888 alitoa sokoni kamera aliyoiita Kodak, neno alilolibuni mwenyewe. Bei yake ilikuwa dola 25, nayo ilikuwa na filamu ya picha 100 tayari ndani. Filamu ikiisha, mwenyewe aliirudisha kamera nzima Rochester pamoja na dola 10. Kiwandani picha zilisafishwa, filamu mpya ikatiwa, na kamera ikarudishwa kwa posta. Dola 10 hizo ndizo zilizokuwa biashara yenyewe, kwani kamera hununuliwa mara moja tu.

Mwaka 1900 kampuni yake ilishusha bei kwa namna iliyowashangaza wengi. Kamera ya Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu chenye lenzi moja sahili, iliuzwa kwa dola 1, na filamu ya picha sita kwa senti 15. Ilikusudiwa watoto, lakini watu wazima nao waliigombania. Haikuwa na cha kurekebisha. Jua likiwapo na mpigwa picha akisimama hatua kadhaa mbele, picha hutoka. Jua likizama, hakuna picha.

Katika pwani ya Afrika Mashariki picha ziliendelea kuwa kazi ya studio. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wenye asili ya Goa, akiwamo A. C. Gomes, tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mtu alivaa nguo ya sikukuu, akaketi mbele ya pazia, akalipa na kuondoka. Kumiliki kamera lilikuwa jambo la watawala, la wafanyabiashara na la wageni kama Eastman mwenyewe, ambaye mwaka 1926 alifika Kenya kuwinda, safari hiyo akiwa tajiri mkubwa, mkononi ana kamera ya sinema iliyotoka kiwandani mwake.

Lakini huko huko Marekani walikuwapo waliokuwa wakihesabu senti. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia mjini New York, Margaret Bourke-White, alijiandikisha katika darasa la upigaji picha. Mama yake alimnunulia kamera ya mtumba aina ya Ica Reflex kwa dola 20. Ilikuwa rahisi kwa sababu lenzi yake ilikuwa na ufa.

Hapa yafaa kutua kidogo. Ufa katika lenzi huwatisha wanunuzi wengi, ilhali mara nyingi athari yake katika picha ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa mtu wa Mombasa, Unguja au Lamu, adui wa kweli ni kuvu, ile mitandao myembamba kama nyuzi za buibui inayoota ndani ya vioo kwa sababu ya unyevunyevu. Ufa hubaki ufa, lakini kuvu huendelea kula. Anayenunua lenzi ya mtumba katika pwani hana budi kuishika mbele ya tochi na kuchungulia ndani kabla ya kutoa fedha.

Kwa kamera ile yenye ufa Bourke-White alijifunza kazi. Januari mwaka 1937 alikuwa mpiga picha wa jarida la Life alipotumwa Louisville, katika jimbo la Kentucky, ambako mto Ohio ulikuwa umefurika na kufunika sehemu kubwa ya mji. Huko alipiga picha moja ambayo haijasahaulika hadi leo. Watu weusi, wanaume kwa wanawake na watoto, wamepanga foleni wakisubiri msaada, wameshika vikapu na ndoo. Nyuma yao kuna bango kubwa la familia ya kizungu yenye furaha ndani ya gari, na maandishi yanayojisifu kwamba hakuna wanaoishi maisha ya juu duniani kuliko Wamarekani. Picha hiyo ilichapishwa Februari mwaka huo. Mpiga picha hakuongeza neno, wala halikuhitajika.

Katika siku hizo hizo kijana mweusi aliyezaliwa Fort Scott, jimbo la Kansas, alikuwa akihudumu mezani ndani ya treni. Gordon Parks aliyaokota majarida yaliyoachwa na abiria na kutazama picha za wakulima waliofukarishwa na ukame na mdororo wa uchumi. Aliwatambua watu wale, kwani umaskini wao aliujua. Treni ilipofika Seattle aliingia katika duka la rehani, na kwa dola 7 na senti 50 akatoka na kamera ya Kijerumani, Voigtländer Brilliant.

Kuna jambo la kuangaliwa katika uchaguzi huo. Wakati ule kamera ya Leica ilikuwa na bei inayozidi dola 100, kiasi ambacho mhudumu wa treni asingeweza hata kukiota. Brilliant haikuwa bora kiasi hicho. Umbali ilibidi mtu aukadirie kwa macho. Hata hivyo ilikuwa na lenzi ya kuaminika, ilitumia filamu ya kawaida iliyopatikana kila mji, na ilitoa picha 12 kubwa za mraba ambazo msafishaji yeyote angeweza kuzichapisha. Kwa mwenye fedha chache, kamera isiyopata filamu dukani haina thamani hata ikiwa ni ya bure.

Filamu yake ya kwanza nusura imgharimu uhai. Akiwafuata shakwe kwenye gati la Seattle, alitumbukia baharini, akaokolewa akiwa bado ameishikilia kamera. Filamu hiyo aliipeleka kusafishwa katika duka la Kodak mjini Minneapolis, na wenye duka wakapendezwa nayo kiasi cha kumwahidi kwamba akiendelea hivyo watazitundika picha zake dirishani. Walitimiza. Mwaka 1948 Parks aliajiriwa na jarida la Life, akiwa mpiga picha wa kwanza mweusi katika jopo lake la kudumu. Kamera ile ya dola saba na nusu aliieleza baadaye kuwa ni silaha aliyoichagua dhidi ya ubaguzi na ufukara. Vijana wenzake walichagua kisu.

Kisanduku cha Brownie nacho kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari. Katika miaka ya 1950, mvulana wa shule Dar es Salaam, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alinunua Box Brownie ya mtumba kwa shilingi 40. Kwa fedha za Afrika Mashariki za wakati ule, hizo zilikuwa pauni 2 za Uingereza, si fedha ndogo kwa mtoto wa fundi. Mvulana huyo ni Mohamed Amin.

Kisanduku hicho kilimfundisha kwa ukali. Hakikuweza kupiga picha ndani ya nyumba wala kushika kitu kiendacho kasi. Basi mwenye nacho alilazimika kujua jua liko wapi, asogee karibu, na asipoteze hata picha moja, kwani filamu ililipiwa. Tabia hizo tatu hazikumtoka. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, Dar es Salaam. Alipiga picha Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1966 akafungwa gerezani huko huko kisiwani kwa kazi yake. Julai 1969 alikuwapo Nairobi Tom Mboya alipopigwa risasi. Oktoba 1984, filamu aliyoipiga Korem, Ethiopia, ndiyo iliyoufanya ulimwengu uitazame njaa ambayo serikali nyingi zilikuwa zimeifumbia macho. Mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991 ulimkata mkono, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Baada ya hapo kamera za wanafunzi zilibadilika majina tu. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1997 Pentax K1000 ndiyo iliyopendekezwa na walimu wengi, kwa kuwa ilifanya kazi hata betri ikiisha. Betri ilihitajika kwa kipima mwanga peke yake. Na mwaka 1975, huko Rochester, mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali, yenye uzito wa karibu kilo 4, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kampuni iliyotajirika kwa kuuza filamu haikuwa na haraka ya kuiua filamu. Januari 2012 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Leo Kiswahili kinasikika Buffalo na Louisville, na pia Columbus, Ohio, hadi Reynoldsburg, kitongoji chake cha mashariki ambacho wenyeji hukisifu kwa kilimo cha nyanya. Wengi wa wasemaji wake ni wakimbizi kutoka mashariki ya Congo na Burundi, na Wasomali Wabantu walioanza kuhamishiwa Marekani mwaka 2003. Aliyekimbia usiku kupitia Fizi au Uvira hakubeba albamu. Wengi walitua na mfuko mweupe wa plastiki wa shirika la uhamiaji, IOM, ndani yake mna nyaraka, na picha pekee ni ile ya pasi, uso umetazama mbele bila tabasamu. Sura za mabibi na mababu zimebaki katika maneno ya wazee.

Ndiyo maana katika nyumba hizo kamera si mchezo wa vijana, hata kama simu ya mkononi inatosha kwa mengi. Kijana anayetaka kupiga harusi, mahafali na mazishi ya jamaa zake kwa ustadi hukuta sokoni kamera ya dijitali ya miaka kumi iliyopita kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Mwili wa kamera hushuka thamani upesi, lenzi nzuri haishuki hivyo. Mwenye dola 300 atafanya vyema kutoa nusu kwa mwili uliochakaa, nusu kwa lenzi moja inayopokea mwanga mwingi, kwa sababu kumbi za harusi za Ohio katika majira ya baridi hazina jua la Dar es Salaam. Na kabla ya kuikabidhi fedha, achukue tochi achungulie ndani ya kioo.