Santuri za Tabora: Thamani ya Sauti katika Njia ya Misafara



Chanzo cha historia ya Kiswahili ninachokusudia kukizungumzia ni kile ambacho sisi wanaisimu tumekizoea masikioni na kukisahau mezani, nacho ni santuri. Neno lenyewe limesafiri mbali. Kwa Waajemi na Waarabu, santuri ni jina la ala ya nyuzi. Kwa Waswahili likawa jina la mashine inayoimba, kisha la sahani inayozunguka juu ya mashine hiyo. Leo sahani hizo, hasa za bendi za miaka ya 1960 na 1970, zinatafutwa na wakusanyaji wa ndani na wa ng'ambo. Swali la mhadhara huu ni jepesi kuulizwa: ni nini kinachoipa santuri kuukuu thamani? Nitalijibu kutoka Tabora, mji uliojifunza mapema kwamba thamani si sifa ya kitu peke yake.

Shanga, nguo na nta

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji, na nyingine iliyopanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Fedha ya njia hiyo ilikuwa shanga, nyaya na nguo, zikiwamo kaniki na merikani, nguo ambayo jina lake lilitaja nchi ilikotoka. Shanga zilikuwa za aina nyingi sana, na kila nchi ilikuwa na aina iliyoipenda kwa wakati wake. Mfanyabiashara aliyebeba shanga nzuri zisizotakiwa huko aendako alikuwa amebeba mzigo mtupu. Ubora ulikuwa jambo moja. Kutakiwa, mahali fulani na wakati fulani, kulikuwa jambo jingine.

Wapagazi wa njia hiyo, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pia lugha. Kiswahili kilifika bara kwa vinywa vyao kabla hakijafika kwa vitabu. Lakini walikitamka vipi? Wasafiri walioandika maneno yao waliyasikia kwa masikio ya Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa. Ushahidi wa sauti unaanza kwa shida mwaka 1906, pale Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, alipozunguka kusini mwa nchi, katika bara la Lindi, akiwa na fonografu ya mitungi ya nta. Ingawa alikuwa mbali na Unyamwezi, wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na baadhi ya nyimbo zao aliziingiza katika nta. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Alice Werner ikatoka mwaka 1909.

Kutoka nta hadi plastiki

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikafifia. Njia ilibaki ile ile, lakini mizigo ikabadilika. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme, kwa hiyo ilifaa mji wa bara kama ilivyofaa pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi kwa Kiswahili, na santuri zake zikaonyesha kwamba sauti ya Mswahili ina soko. Kuanzia mwaka 1933 zikaingia Afrika zile santuri za mfululizo wa GV zenye muziki wa Kuba, ambazo zilifunza vijana wengi rumba.

Tabora ilijibu kwa bendi zake: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Mwanaisimu atasita kwenye majina haya. Neno "jazz" halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa. Na jina "Nyanyembe" lilihifadhi Unyanyembe, utemi wa kale wa Tabora, katika vinywa vya wachezaji dansi hata baada ya serikali kuondoa madaraka ya machifu mwaka 1963. Anayeutaja wimbo "Rangi ya Chungwa" pamoja na bendi yake hutaja utemi huo bila kukusudia.

Vipimo vya mkusanyaji

Mkusanyaji hupima mambo manne. La kwanza ni uchache. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo iliharibika. Bendi ziliendelea kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kanda ya redio haikuwa kitu cha kununuliwa dukani na kuwekwa kabatini.

La pili ni hali. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, nazo huvunjika kama kigae. Sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila upande mmoja ulipokwisha. Mwenye nyumba aliyeitumia mwezi mzima alikuwa akiichimba nyimbo aipendayo. Santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45 hazivunjiki kwa urahisi, lakini hujikunja kwa joto na kukwaruzwa kwa vumbi. Ndiyo sababu wimbo uliopendwa kupita yote huweza kuwa mgumu kupatikana ukiwa safi, ilhali ule usiopendwa umelala salama katika jalada lake.

La tatu ni toleo. Kati ya kibandiko na mstari wa mwisho wa sauti huwa kuna namba zilizochorwa katika sahani yenyewe. Hizo humsaidia mjuzi kutofautisha uchapaji wa kwanza na wa baadaye. La nne ni kutakiwa, na hapa tunarudi kwenye shanga. Muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960 ulipotolewa upya Ufaransa mwaka 2007, katika juzuu ya tatu ya mfululizo uitwao Zanzibara, wasikilizaji wapya waliupata bila kugusa santuri ya asili.

Kipimo cha mwanaisimu

Vipimo hivi vyote ni halali, lakini havitoshi. Niruhusuni nikiri kosa langu. Katika miaka ya 1980, nikiwa mtafiti kijana, mzee mmoja wa Tabora alinifungulia sanduku la santuri zake. Nilisikiliza siku nne, nikaandika maneno ya nyimbo ishirini na moja. Kinyamwezi hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Kwa hiyo kila waimbaji walipotamka l mahali ambapo kamusi inadai r, mimi niliandika r. Nilidhani ninawaheshimu. Siku ya mwisho nilimsomea mzee daftari langu. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, umeandika vizuri, lakini huyu uliyemwandika siye aliyeimba."

Nilicheka. Miaka kadhaa baadaye, nilipolielewa neno lake, nilirudi Tabora. Mzee alikuwa amefariki, na sanduku limeuzwa kwa idadi, kama mayai. Nilichobaki nacho ni daftari lililosahihishwa, ambalo kwa historia ya matamshi halina thamani yoyote.

Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji kwa msingi wa Kiunguja, maandishi mengi ya Kiswahili yamepita mikononi mwa wahariri. Wimbo ulioimbwa mbele ya kinasa sauti haukupita huko. Ndiyo thamani ninayoizungumzia: santuri ni maandishi ambayo mhariri hakuweza kuyasahihisha.

Ushahidi huo nao una mipaka yake. Muziki huamua urefu wa irabu na kupanda kwa sauti, kwa hiyo wimbo ni shahidi dhaifu wa toni. Mchakacho wa shelaki hufunika mikwaruzo ya juu kama s na th. Hatuwezi kudai kwa urahisi kwamba mwimbaji alitamka "semanini" au "themanini". Na si kila santuri ya 78 ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Kasi ikikosewa, kidatu na muda wa kila sauti hubadilika. Kwa l na r, kwa silabi zinazomezwa, kwa maneno ya Kinyamwezi yanayochomoza katikati ya beti, ni shahidi mwema.

Hitimisho

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu mambo matatu. Nakilini sauti kabla hamjaisafisha, pamoja na mikwaruzo yake. Andikeni kibandiko kama kilivyo, hata tahajia ikiwa na makosa, kwa kuwa kosa la mchapaji wa Nairobi katika jina la Kinyamwezi nalo ni historia. Na mwulizeni mwenye santuri aliinunua wapi, aliicheza wapi, na anayasikia vipi maneno yake, kabla hamjaulizana bei.

Mpagazi aliyepita Tabora alijua uzito wa mzigo wake. Bei yake ilijulikana mbele ya safari. Sisi tumeanza na bei. Santuri iliyokwaruzwa, ambayo mkusanyaji ataiweka kando, huenda ndiyo iliyosikilizwa zaidi, na ndani ya mistari yake mwimbaji bado anatamka l yake. Mwacheni aitamke.