KABALO: Mamluki, komunisti, fashisti – kila jina na matendo yake

Kabalo, jimbo la Tanganyika. Tarehe 7 Aprili 1961, majeshi ya Katanga yalishambulia mji huu wa kando ya Lualaba. Wanajeshi wa Ethiopia, waliokuwa hapa chini ya Umoja wa Mataifa, walishikilia mji na kuwakamata wazungu 30 hivi waliompigania Tshombe kwa mshahara. Waliitwa mamluki. Jina hilo liliwastahili: walitoka inchi za mbali, wakalipwa ili wapigane.

Wakati ule kulikuwa na jina lingine: komunisti. Serikali ya Katanga na marafiki zake Wabelgiji walilibandika kwa chama cha Balubakat, kwa sababu kilishirikiana na Lumumba. Lakini kiongozi wake, Jason Sendwe, alikuwa Mmetodisti na msaidizi wa daktari. Kosa lake kubwa mbele yao lilikuwa kukataa Katanga ijitenge na Kongo. Jina likatoka kwa chama, likawaangukia Waluba wa kaskazini wote, na majandarma wakachoma vijiji vyao.

Si kusema vijana wa Balubakat hawakuwa na makosa. Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, kwenye reli ya kwenda Kalemie, waliwavizia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, 9 walikufa. Hayo yanaitwa mauaji. Kuyaita ukomunisti hakuelezi kitu.

Leo kuna wanaomwita fashisti kila mkubwa mkali. Neno hilo nalo lina historia. Mussolini alifuta vyama vingine Italia, akatukuza vita, na mwaka 1935 jeshi lake likavamia Ethiopia, likatumia hata gesi ya sumu. Mwaka 1941 askari Wakongomani wa Force Publique walipigana na Waitalia hao Asosa, Gambela na Saio. Miaka 20 baadaye, Waethiopia wakailinda Kabalo. Mkubwa anayetoza kodi isiyo halali ni mnyang'anyi. Tukimwita fashisti, wizi wake unasahaulika.

Jambo hili halijaisha. Katika vita vya Watwa na Waluba, vilivyowaka sana mwaka 2016 na 2017, kabila peke yake lilitosha mtu aitwe adui. Kabla ya kumbandika mtu jina, aulizwe: alifanya nini, wapi, lini? Jina lisilojibu hayo ndilo linaloua wasio na kosa.